SOMO LA MWEZI: MAKAA YA MAWE NA CHUMA
Namna Ufaransa na Ujerumani walivyoacha kupigana

Mafungu ya kusoma: 1 Wafalme 5:1-12; 9:10-14; 9:26-28





Siku moja, baada ya fundisho juu ya amani, mama mmoja mwenye kuuza samaki aliinuka akatuuliza hivi: “Ninyi walimu mnasema kwamba watu wakiuziana wanakuwa ndugu. Sisi tunavuka mpaka kila asubuhi. Tunauza, tunanunua, tunasalimiana na wale wa ng’ambo kwa majina yao. Lakini usiku tunasikia bunduki. Mbona biashara yetu haijaleta amani?”

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulinyamaza. Wengine walicheka kidogo, lakini mama hakuwa anafanya mchezo, maana mtoto wake alikuwa amekimbia vita mara mbili. Tulirudi nyumbani na ulizo lake, tukatafuta ndani ya Maandiko na ndani ya historia ya mataifa. Somo hili ndilo jibu letu. Tunaomba mlisome polepole, baba pamoja na mama na vijana, kisha mjadiliane.

I. WAFALME WAWILI NA MBAO ZA MIEREZI

Tuanze na Sulemani, mfalme wa Israeli, na Hiramu, mfalme wa Tiro. Sulemani alikuwa na ngano na mafuta, lakini hakuwa na mbao nzuri za kujenga. Hiramu alikuwa na mierezi ya Lebanoni na mafundi wa kukata mbao, lakini watu wake walihitaji chakula. Walitumiana wajumbe, wakapatana bei, na kila mwaka Sulemani alipeleka ngano na mafuta. Maandiko yanatuambia kwamba kulikuwa na amani kati yao, na kwamba walifanya mapatano wao wawili.

Wengi husoma mpaka hapo na kufunga kitabu. Lakini endeleeni mpaka sura ya 9. Huko Sulemani alimpa Hiramu miji 20 katika Galilaya. Hiramu alikwenda kuiangalia na haikumpendeza. Alisema waziwazi kwamba zawadi ile haikuwa nzuri, hata miji ikapewa jina la kuidharau. Hapo ndipo ugomvi ungeweza kuzaliwa. Lakini mwishoni mwa sura ileile tunaona mabaharia wa Hiramu wakisafiri pamoja na watumishi wa Sulemani kwenda Ofiri kutafuta dhahabu. Waliambiana ukweli, na hawakuvunja mapatano.

Basi tushike jambo hili. Amani yao haikutoka kwa ngano na mierezi peke yake. Kulikuwa na mapatano yanayojulikana, na kulikuwa na njia ya kusema “sikupendezwa” bila kuchukua upanga.

II. UGOMVI WA VIZAZI VITATU

Sasa tuje kwa mataifa ya nyakati zetu. Tumechagua Ufaransa na Ujerumani, kwa sababu vita vyao vilifika hata kwetu.

Mwaka 1870 Ufaransa ilitangaza vita juu ya Prusia. Wajerumani walishinda. Mwaka 1871 walichukua jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine, wakadai Wafaransa walipe franka miliari tano. Hata sherehe ya kutangaza ufalme wao mpya waliifanya Versailles, katika nyumba ya wafalme wa Ufaransa. Watoto wa Ufaransa walikua na uchungu huo.

Mwaka 1914 vita vilirudi. Mahali paitwapo Verdun, mwaka 1916, walipigana karibu miezi kumi, na askari wapata 300,000 wa pande mbili walikufa kwa ajili ya vilima vichache. Wazee wetu nao waliingizwa katika ugomvi huo. Wabeleji waliongoza jeshi la Kongo mpaka Tabora, wakauchukua mji ule kutoka kwa Wajerumani mwezi wa Septemba 1916. Maelfu ya wababa zetu walibeba mizigo ya jeshi kwa vichwa na mabega, na wengi hawakurudi. Ndivyo wasemavyo: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mwaka 1919 ikawa zamu ya Wajerumani kuonja uchungu. Walirudisha Alsace na Lorraine, wakadaiwa malipo makubwa. Walipochelewa kupeleka makaa ya mawe na mbao, mwezi wa Januari 1923 askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji waliingia Ruhr, bonde lenye makaa na viwanda vya chuma. Uchungu ukaongeza uchungu. Mwaka 1940 Ujerumani iliishinda Ufaransa, ikachukua tena Alsace na Moselle. Mwaka 1945 Ujerumani nayo ikaanguka, miji yake ikiwa majivu.

Hesabuni: vita vitatu katika miaka 75. Babu, baba na mwana, kila mmoja alikuwa na vita vyake na adui yuleyule.

III. WALIKUWA WAKIUZIANA TANGU ZAMANI

Hapa tunaanza kumjibu mama yetu. Je, mataifa hayo mawili yalipigana kwa sababu hayakuwa na biashara kati yao? Hapana. Kabla ya 1914 yalifanya uchuruzi mkubwa. Lorraine ilikuwa na mawe ya chuma, Ruhr ilikuwa na makaa ya kuyayeyusha. Mwenye makaa alihitaji mwenye chuma, na mwenye chuma alihitaji mwenye makaa. Treni zilipita mpakani zikiwa zimejaa mali. Lakini siku ya vita ilipofika, treni zilezile zilibeba askari.

Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja aliuangalia uchuruzi ule kama mtego. Alisema moyoni: “Leo ananiuzia makaa. Kesho akikataa, viwanda vyangu vitakufa. Heri nilichukue shimo lake liwe langu.” Makaa na chuma havikuwa bidhaa tu. Ndivyo vilivyotengeneza mizinga. Aliyekuwa navyo aliogopwa, na asiyekuwa navyo aliogopa.

Basi uchuruzi bila imani ni kama daraja lisilo na nguzo. Watu wanapita juu yake wakati wa kiangazi, lakini mvua ya kwanza inaliondoa.

IV. WATU WALIOTOKA MPAKANI

Baada ya 1945 wakubwa wengi wa Ufaransa walitaka kuishika Ujerumani shingoni ili isiinuke tena. Lakini kufikia mwaka 1950 Marekani na Uingereza zilitaka Ujerumani ya Magharibi ifanye kazi, kwa sababu ya hofu ya Urusi ya Kisovieti na kwa sababu Ulaya yote ilihitaji chuma cha kujengea. Ufaransa iliona kwamba siku za kuwashika Wajerumani kwa nguvu zilikuwa zinakwisha. Ingefanya nini?

Hapo walitokea watu ambao tunapaswa kuyajua majina yao.

Wa kwanza ni Jean Monnet. Alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Cognac, katika jamaa ya wachuruzi wa pombe kali ya zabibu. Aliacha masomo akiwa kijana wa miaka 16, akasafiri nchi nyingi kuuza mali ya baba yake. Hakuwa mwanasiasa wa kuchaguliwa. Alikuwa mtu wa biashara aliyejua kwamba kabla ya kuuza lazima umsikilize mnunuzi.

Wa pili ni Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1886, na baba yake alikuwa mtu wa Lorraine, ile iliyochukuliwa na Wajerumani. Kwa hiyo alizaliwa akiwa raia wa Ujerumani, akawa Mfaransa Lorraine iliporudishwa. Mwaka 1940 Wajerumani walimfunga, na mwaka 1942 aliwatoroka.

Wa tatu ni Konrad Adenauer, mkubwa wa serikali ya Ujerumani ya Magharibi. Alikuwa meya wa Köln mpaka mwaka 1933, Hitler na watu wake walipomfukuza. Mwaka 1944 walimtia gerezani.

Angalieni, wapendwa. Hawa hawakuwa watu ambao vita viliwapita mbali. Schuman alikuwa mtoto wa mpakani, mwenye lugha zote mbili. Mara nyingi watu wa mpakani husemwa kwamba hawaaminiki kwa sababu wana jamaa pande zote. Kumbe ndio wanaojua kwamba adui ana mama, ana shamba, ana watoto.

Monnet aliandika shauri pamoja na wenzake wachache: makaa yote na chuma chote cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, na nchi nyingine za Ulaya zikaribishwe kuingia. Schuman alilisoma akalikubali. Lakini hakulitangaza kabla ya kumuuliza mwenzake. Tarehe 9 Mei 1950 mjumbe wake alifikisha barua Bonn mikononi mwa Adenauer, naye akajibu siku hiyohiyo kwamba anakubali. Saa za jioni, Schuman aliwatangazia watu wa magazeti mjini Paris. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu vita viishe.

Kwa nini Adenauer alikubali upesi hivyo? Kwa sababu kwa mara ya kwanza Ujerumani haikuitwa kama mfungwa, iliitwa kama mwenzi. Sheria ambayo ingewafunga Wajerumani ingewafunga Wafaransa vilevile.

V. MEZA MOJA NA SHERIA MOJA

Tarehe 18 Aprili 1951, mjini Paris, nchi sita zilitia sahihi mapatano: Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Mapatano yalianza kazi mwezi wa Julai 1952, kwa muda wa miaka 50. Tuone yalikuwa na nini ndani yake ambacho uchuruzi wa zamani haukuwa nacho.

1. Mamlaka ya Juu. Watu tisa walikaa Luxembourg, Monnet akiwa mkubwa wao wa kwanza. Hawakuruhusiwa kupokea amri kutoka kwa serikali za kwao. Mfaransa aliyekaa pale hakuwa pale kwa ajili ya Ufaransa.

2. Mahakama. Serikali au kiwanda kikiona kimeonewa, kilikuwa na mahali pa kushitaki. Hata Mamlaka ya Juu yenyewe iliweza kushitakiwa. Hii ndiyo ile njia ya Hiramu ya kusema “sikupendezwa”.

3. Soko moja. Mwaka 1953 ushuru wa mpakani juu ya makaa na chuma ulianza kuondolewa kati ya nchi hizo sita. Mwenye kuuza hakuruhusiwa kumpandishia bei mnunuzi kwa sababu tu anatoka nchi nyingine.

4. Vitabu wazi. Kila mmoja aliweza kujua mwenzake anatoa chuma kiasi gani. Hapakuwa tena na nafasi ya kutengeneza mizinga gizani.

5. Akiba ya kuwasaidia wanyonge. Viwanda vilitoa malipo madogo kwa kadiri ya mali vilivyotoa. Sehemu ya feza hiyo iliwasaidia wafanyakazi waliopoteza kazi wajifunze kazi nyingine, na sehemu ilisaidia kuwajengea nyumba. Machimbo ya Ubelgiji, yaliyokuwa ya zamani na yenye gharama kubwa, yalipata msaada kutoka kwa machimbo ya Ujerumani na Uholanzi.

Jambo hilo la tano tulikazie. Mapatano ya wakubwa yakiwasahau wachimbaji, wachimbaji watayachukia, na kesho mwanasiasa mwenye kelele atawaita wayavunje.

VI. MAGUMU HAYAKUKOSEKANA

Tusidanganyane kwamba tangu siku ile yote yalikuwa mepesi. Mwaka 1954 nchi zilezile zilitaka kuwa na jeshi moja, na baraza la wateule la Ufaransa likakataa. Machimbo mengi yalifungwa baadaye, mafuta ya petroli yalipokuwa rahisi. Mwaka 1959 wachimbaji wa Borinage, kule Ubelgiji, waligoma kwa hasira. Mapatano hayakuokoa kila shimo wala kila kazi.

Gumu kubwa lilikuwa Saar, jimbo lenye makaa mpakani. Baada ya vita Ufaransa ililitenga na Ujerumani, na uchumi wake ukafungwa kwa Ufaransa. Zamani jambo kama hilo lingeitwa sababu ya vita. Mara hii walikaa mezani. Tarehe 23 Oktoba 1955 watu wa Saar wenyewe walipiga kura, wakakataa mpango uliotolewa kwao. Ufaransa haikuleta jeshi. Walirudi mezani, na tarehe 1 Januari 1957 Saar iliingia Ujerumani ya Magharibi. Ufaransa nayo haikuondoka mikono mitupu: ilipatana juu ya makaa, na Ujerumani ikakubali mto Moselle utengenezwe ili mashua kubwa zipite mpaka kwenye viwanda vya Lorraine. Mto ule ulifunguliwa kwa safari hizo mwaka 1964.

Uchuruzi ulipokwisha kufungua mlango, walifuata watu wa kawaida. Tarehe 8 Julai 1962 Adenauer na Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, waliabudu pamoja katika kanisa kuu la Reims, mji ulioharibiwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1914. Tarehe 22 Januari 1963 walitia sahihi mapatano mengine, kwamba wakubwa wa nchi hizo wakutane angalau mara mbili kwa mwaka, iwe kuna ugomvi au hakuna. Mwaka huohuo iliundwa ofisi ya kuwapeleka vijana wa nchi moja kukaa katika nchi ya pili, na mamilioni ya vijana wamekwenda. Mapatano ya makaa na chuma yalimaliza miaka yake 50 tarehe 23 Julai 2002. Mataifa hayo mawili hayajapigana tena tangu 1945.

VII. NA SISI WA MAZIWA MAKUBWA?

Mtasema: “Hayo ni ya Ulaya.” Lakini hata kwetu mbegu ilipandwa. Tarehe 20 Septemba 1976, kule Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha umoja wa uchumi wa nchi za Maziwa Makubwa, ule tunaouita CEPGL. Wengi wanakumbuka karte yake iliyowasaidia watu kuvuka mpaka. Nchi hizo tatu zilijenga pamoja kiwanda cha umeme cha Ruzizi ya pili, kilichoanza kazi mwaka 1989. Maji yaleyale ya Kivu yanawasha taa za pande zote.

Kwa nini umoja ule haukuzuia vita? Tunaona sababu moja kubwa. Chombo chake cha juu kilikuwa mkutano wa marais watatu. Vita vya miaka ya 1990 vilipokuja, kazi ililala, na haikuzinduliwa tena rasmi mpaka mwaka 2007. Meza ilikuwapo, lakini ilisimama wakati watu walipokuwa rafiki, ikaanguka walipogombana. Meza ya namna hiyo haisaidii siku inapohitajika.

Tarehe 27 Juni 2025, mjini Washington, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani yenye pia sehemu ya kushirikiana katika uchumi. Sahihi hiyo haikunyamazisha bunduki. Sisi si waamuzi wa wakubwa. Lakini mafundisho ya makaa na chuma yanatupa vipimo vya kupimia mapatano yoyote ya namna hiyo: Je, sheria moja inawafunga wote? Je, vitabu viko wazi, ili kila jiwe la coltan na kila kipande cha dhahabu kijulikane kimetoka shimo gani na ni nani aliyelipwa? Je, aliyeonewa ana mahali pa kushitaki? Je, mchimbaji na mama wa sokoni wana sehemu yao? Mali inayotolewa shimoni chini ya bunduki si uchuruzi. Huo ni wizi, hata kama umeandikiwa karatasi.

Basi mama yetu, jibu letu ni hili. Biashara yako haikukosa kitu. Wewe umekwisha kufanya sehemu yako, unamjua jirani kwa jina lake. Kilichokosekana ni meza ya wakubwa yenye sheria na mahakama, ya kuilinda salamu yako ya asubuhi isivunjwe usiku. Na hata meza hiyo ikijengwa, haitasimama bila watu kama wewe, kama vile meza ya Ulaya isingesimama bila watoto wa mpakani. Usiache kusalimu.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Hiramu hakupendezwa na miji aliyopewa. Alifanya nini, na sisi hufanya nini tusipopendezwa?
2. Kwa nini uchuruzi wa kabla ya 1914 haukuzuia vita?
3. Schuman alimuuliza Adenauer kabla ya kutangaza. Taja ugomvi mmoja wa mtaani ambao ungetulia kama mtu angeuliza kwanza.
4. Kati ya mambo matano ya mapatano ya 1951, ni lipi linalokosekana zaidi katika soko letu la mpakani?
5. Watu wa mpakani tunawaonaje, kama wasaliti au kama wajumbe? Jibuni kwa kweli.

Amani iwe kwenu nyote.